Vipande saba vya ndala: shajara ya mradi wa maumbo, Mikindani

Jumamosi 7 Septemba

Naanza kuandika leo maana najijua, nisipoandika, mwezi ukiisha ntakuwa nasimulia yale mazuri tu na ya aibu ntakuwa nimeyasahau. Mradi wenyewe mdogo. Watoto wa miaka sita mpaka tisa, kila Jumamosi saa tatu hadi saa tano asubuhi, barazani kwa shangazi hapa Mikindani, tunajifunza maumbo kwa tangramu. Bajeti ni elfu arobaini yangu mwenyewe, ikiisha imeisha.

Kilichonisukuma ni darasani. Mie nafundisha Darasa la Pili, watoto ni wengi mno, na maumbo yanapita mbio kama daladala linalowahi abiria: chora pembetatu ubaoni, hii nini, "pembetatuuu", futa, chora mraba, hii nini, "mrabaaa", futa, tumemaliza, wote wamepata vema. Sasa wiki iliyopita nikauchora mraba umesimamia kona yake moja, sikuwa na nia yoyote, mkono tu. Nikauliza hii nini. Kimya. Afu sauti moja nyuma: "Uru, Madam!" Huyo baba yake mcheza karata bila shaka. Mwingine akasema tiara. Nikachukua daftari nikachora mraba, nikalishika sawasawa, "mraba!", nikalizungusha kidogo, "uru!", nikalirudisha, "mraba!" Yani kwao mraba ni kitu kilichokaa vizuri, ukiuinamisha tu umekufa na kimezaliwa kitu kingine.

Nikakumbuka chuoni tulipitishwa juu juu kwa Pierre van Hiele na mkewe Dina, walimu wa Uholanzi, walioandika mwaka 1957 kwamba mtoto anaanza kulijua umbo kwa sura yake nzima, kama unavyomjua mtu kwa uso, ndo baadaye anaanza kuona pande na pembe zake, na hiyo hatua ya pili haiji kwa kukua umri tu, inakuja kwa kushikashika vitu na kuvizungumzia. Kipindi kile nilikariri kwa ajili ya mtihani. Sasa imenifuata mpaka darasani kwangu ikiwa imevaa uru.

Kwa asiyeijua tangramu: ni mraba mmoja uliokatwa vipande saba. Pembetatu kubwa mbili, ya kati moja, ndogo mbili, mraba mdogo mmoja, na msambamba mmoja, yani kama mstatili uliosukumwa ukalala upande. Pembetatu zote tano zina sura moja, kila moja ina pembe mraba na pande mbili sawa, zinapishana ukubwa tu. Unapewa kivuli cha kitu, labda nyumba, unakijaza kwa vipande vyote saba bila kupandisha kimoja juu ya mwenzie.

Leo wamekuja kumi na moja. Vipande bado havipo kwa hiyo tumekunja karatasi tu. Karatasi ya kawaida, kona moja unaileta mpaka ukingo wa pili kama unavyokunja kitambaa cha kichwa, kile kinachozidi unakata, unabaki na mraba. Afu tukakunja karatasi nyingine mara mbili kupata kona iliyonyooka, hiyo ndo ikawa skwea yao. Nikawaambia zungukeni mkapime kona za nyumba. Hapo nilikosea kidogo maana hizi nyumba za mawe za zamani za Mikindani, kuta zimeshalala kila mmoja na upande wake, wakarudi wanapiga kelele kwamba mlango wa shangazi "haujanyooka hata kona moja". Shangazi kanuna mpaka saa sita mchana.

Jumamosi 14 Septemba

Seti nne za mbao zimefika. Fundi seremala wa huku nyuma kanikatia kutoka kwenye mabaki ya plaiwudi, miraba ya sentimita 20, elfu kumi na mbili zote, na kapiga msasa vizuri kabisa. Nilikuwa najiona mkurugenzi.

Zoezi la kwanza nililopanga lilikuwa jepesi: chukua pembetatu ndogo mbili uzifunike juu ya ile ya kati, uone zinalingana. Ndo msingi wa kila kitu mbele. Binti mmoja mkimya, namjua ni mjukuu wa bibi muuza kashata, kaweka, kaangalia, kazipanga upya, kaangalia tena. Afu kaniambia taratibu kama anayeniepusha na aibu, "Madam, hizi mbili zimekonda."

Kweli bwana. Ya kati inachungulia pembeni. Kumbe msumeno una unene wake, na kila unapopita unakula ubao karibu milimita tatu, sasa ukichukua mraba mmoja ukaukata vipande saba, kila kipande kimeliwa pande zake, na vidogo ndo vinaumia zaidi kwa sababu kwenye kitu kidogo milimita tatu ni nyingi. Kwenye karatasi hili tatizo halipo kabisa, mkasi hauli. Nikamfuata fundi. Akacheka. "Mwalimu, msumeno lazima ule. Ungeniambia zinatakiwa zilingane ningekata moja moja kwa kipimo chake nikauacha mstari. Wewe ulisema kata mraba vipande saba, nimekata."

Hana kosa, ndivyo nilivyosema.

Ila nikiri kitu. Nilitaka kuzificha zile seti nisingizie chochote, lakini dogo wa jezi ya Simba akauliza, "Sa kilichopungua kiko wapi?" na kabla sijafungua mdomo mwenzie akamjibu, "Kimekuwa unga. Uko kwa fundi, nimeuona." Wakabishana dakika kumi nzima kama ule unga ukikusanywa vipande vinarudi kuwa sawa. Watoto wa miaka saba hao. Mie nilikuwa nimepanga waseme tu "zinalingana", na kama zingelingana ndo ingekuwa basi, tungeenda kwenye zoezi la pili.

Jumamosi 21 Septemba

Siku mbaya. Niandike haraka.

Nilienda stesheneri mjini kuchapisha vivuli, kurasa kumi, nimetengeneza mwenyewe ili vilingane na vipande vya katoni vya sentimita 12 nilivyokata kwa wembe usiku wa Ijumaa (mbao nimeziweka kando kwanza). Yule kijana wa kwenye kompyuta akaona mchoro haujai ukurasa vizuri, kwa wema wake akauvuta ujae. Akauvuta upande mmoja. Kwa hiyo kila kilichokuwa mraba kwenye karatasi kimekuwa mstatili kidogo, kidogo sana, jicho halioni. Mie sikupima. Watoto wamehangaika dakika arobaini kujaza kivuli kisichojazika, na kilichoniuma ni kwamba hakuna hata mmoja aliyesema karatasi ina kosa, wote waliona kosa ni lao. Wawili wakalia. Mmoja kaenda kwao.

Nilipogundua nikawaambia wazi, karatasi ni mbovu, kosa ni la Madam hakupima. Wakaniangalia kama nimesema kitu kichafu. Mwalimu kukosea ni jambo jipya kwao, na mie hata sijui nalifanyia nini hilo.

Kuanzia leo hakuna kuchapisha. Vivuli navichora mwenyewe kwa kuzungusha penseli kwenye vipande halisi. Na zile picha za batamaji na sungura nazitupa, huku nani kaona batamaji? Tunachora kaa, ngalawa, kuku, mnazi ulioinama.

Jambo la pili, katoni hazifai msimu huu. Mabibo yameanza, watoto wanakuja vidole vinanata, utomvu wa bibo ukigusa katoni doa halitoki na kona zinalainika zinakuwa kama mkate uliochovywa chai. Vipande vyangu vya usiku kucha vimedumu saa mbili.

Jumamosi 28 Septemba

Leo asubuhi nimekuta bibi wawili wamekaa barazani kwa shangazi, wamejitanda khanga, nyuso za huzuni. Nikaamkia, shikamoo zenu, marahaba mwanangu, pole. Pole ya nini? Mmoja akasema, "Tumesikia kuna matanga hapa kwenu, wajukuu kila Jumamosi wanaaga wanakwenda matanga kwa mwalimu, tukasema mbona hatukuambiwa, nani aliyetutoka?"

Jamani nilitaka dunia inimeze. Watoto wamelikata neno tangramu, kwao ni tanga, na vikiwa vingi ni matanga, basi. Wenyewe akilini mwao ni tanga la chombo, maana pembetatu kubwa ukiisimamisha inafanana kweli na tanga. Nikaeleza, tukacheka mpaka shangazi akatoka ndani, bibi mmoja akasema sawa lakini hilo jina mlibadilishe, jina huita jambo. Tumebadilisha. Saivi tunasema vipande saba, ambalo kumbe liko karibu na jina la Wachina wenyewe, qiqiaoban, maana yake mbao saba za ufundi.

Huyo bibi wa pili ndo bibi wa kashata, na hakuondoka, kakaa kuangalia. Nikapata wazo palepale. Kashata zake anakata mstari wa urefu kwanza, afu anakata mshazari, kila kipande kinatoka msambamba. Nikamwomba trei moja akate nusu mshazari kama kawaida, nusu akate wima, miraba, nafasi ya kisu iwe ileile. Nikawauliza watoto: mia yako unanunua ipi? Wote, kasoro mmoja, wameitaka ya mshazari. "Ndefu hiyo." "Ina ncha." Bibi anacheka tu kwa ndani, naye nadhani alikuwa anajua siku zote kwa nini anakata vile.

Sasa nikatoa vipande, safari hii vya karatasi ngumu. Pembetatu ndogo mbili, tengeneza mraba. Tayari. Zilezile mbili, usiongeze kitu, tengeneza msambamba. Tayari. Zilezile, tengeneza pembetatu ya kati. Wanajenga, wanabomoa, wanajenga. Nikauliza upi mkubwa. Bado wakasema msambamba! Vipande ni vilevile mikononi mwao na bado msambamba ni mkubwa kwa sababu ni mrefu. Sikuwarekebisha, nilijing'ata ulimi, maana nilishajifunza kwenye unga wa fundi kwamba nikinyamaza kidogo wao wanaongea.

Dogo wa jezi ya Simba akafanya kitu ambacho sikukifundisha. Akachukua kashata ya msambamba, akakata ile ncha ya kulia kwa kisu cha bibi, ncha ikatoka pembetatu, akaihamisha upande wa kushoto, ikawa mstatili wenye nafasi ileile ya zile za mraba. Akaiweka juu ya kashata ya mraba. Zimelingana. Kimya. Afu akasema kwa uchungu wa kweli, "Kumbe siku zote nanunua ileile."

Bibi kampa moja ya bure. Na mie nimetumia elfu mbili na mia tano ya bajeti kwenye kashata, nimeiandika kama "vifaa vya kufundishia".

Jumamosi 5 Oktoba

Nimepata malighafi! Ijumaa jioni nilikuwa ufukweni, maji yametoka, na kwenye ule mstari wa takataka ambao bahari inaacha ndala ni nyingi kuliko makome. Za kila rangi, za mguu mmoja mmoja, ndala ya baharini haijawahi kuwa na mwenzie. Nikaokota moja nikaikata na wembe kujaribu. Inakatika kama jibini, wembe hauli kitu, kona zinatoka kali, haiogopi mabibo, haiogopi mate, ukiikanyaga inarudi.

Kwa anayetaka kujaribu, hivi ndo nilivyofanya. Nimechora mraba wa sentimita 12 kwenye katoni ngumu. Ulalo mmoja kona kwa kona unatoa nusu mbili. Nusu ya kwanza kata katikati toka kwenye ile kona ya pembe mraba, hizo ndo pembetatu kubwa. Nusu ya pili, tafuta katikati ya zile pande mbili za mraba, unganisha, ile kona inayokatika ndo pembetatu ya kati. Kinachobaki ni trapeza, yani umbo la pande nne ambalo pande mbili tu ndo sambamba, ndani yake zinatoka pembetatu ndogo mbili, mraba na msambamba, na ukiwa umeweka alama katikati ya ule ulalo na katikati ya kila nusu yake mistari inajileta yenyewe. Hivyo saba ndo patani zangu, kama patani za fundi cherehani. Afu kila kipande unakiweka juu ya ndala peke yake, unapita na wembe. Pembetatu kubwa ina urefu wa sentimita 12 kwa kimo cha 6, inaenea kwenye ndala ya mtu mzima, ila lazima ukwepe yale matundu matatu ya mikanda. Ndala mbili kubwa zinatoa seti moja na vinabaki vya kuanzia seti nyingine. Zioshe kwanza kwa sabuni, nyingine zina vikombe vya chaza vimeganda chini, vinakata vidole.

Mpaka usiku nilikuwa na seti sita. Leo wamekuja ishirini na tatu, sijui wametoka wapi. Wamehesabu wenyewe kila kipande kinameza pembetatu ndogo ngapi: ndogo 1, ya kati 2, mraba 2, msambamba 2, kubwa 4. Seti nzima 16. Hapo nusu na robo zilijileta bila kualikwa, kwamba pembetatu kubwa moja ni robo ya vyote. Msambamba kuwa sawa na mraba hakuna aliyebisha safari hii, kashata imefanya kazi.

Jumamosi 12 Oktoba

Leo ndo siku niliyoipenda kuliko zote mpaka sasa kwa hiyo nitaandika kirefu.

Kivuli kilikuwa ngalawa. Nilikichora kwa kuzungushia vipande vyangu kama kawaida. Vikundi vitatu vikamaliza, vikundi viwili vikakwama palepale, kipande cha mwisho ni msambamba na nafasi iliyobaki ni ya msambamba, ukubwa ni huohuo, lakini hauingii. Wanauzungusha, hauingii. Wanauzungusha tena, wanausukuma kwa nguvu kama droo iliyovimba, hauingii. Mmoja akaniangalia, "Madam, umekosea tena?"

Haki yake kuuliza, baada ya ile siku ya stesheneri. Lakini safari hii karatasi ilikuwa sawa. Siri ni kwamba vipande sita vya tangramu vikigeuzwa juu chini vinabaki vilevile, ni msambamba peke yake una mkono wa kulia na mkono wa kushoto, kama ndala zenyewe. Ukiuzungusha mezani mpaka kesho hautabadilika mkono. Lazima uunyanyue uupindue.

Na watoto walikuwa hawapindui. Kwa nini? Kwa sababu ndala ina juu na chini! Juu laini, ina rangi, chini ina mifereji na imechafuka. Wao wamejiwekea sheria kwamba rangi inakaa juu. Hakuna aliyewaambia. Nikakaa kimya. Dakika tano, sita. Kwenye kikundi cha yule binti mkimya wakaanza kulaumiana, mmoja akausukuma mkono wa mwenzie, msambamba ukaanguka chini, ukatua mifereji juu. Binti akauokota hivyohivyo bila kuugeuza, akauweka. Ukaingia.

Akautoa. Akaurudisha rangi juu, haukuingia. Akaupindua, ukaingia. Alirudia labda mara nane, peke yake, hasemi na mtu. Afu akatangaza, "Huu unageuzwa kama chapati."

Basi kuanzia leo tuna maneno matatu na ni ya kwao: kusukuma, kuzungusha, na chapati. Kusukuma ni kipande kinahama bila kugeuka, kuzungusha kinazunguka mezani, chapati unakipindua. Baadaye wakaanza kujaribu chapati kwa kila kipande. Mraba, chapati, sawa tu. Pembetatu, chapati, sawa tu. Wakagundua wenyewe kwamba ni msambamba tu unaobadilika, na dogo mmoja akaleta hoja kwamba ni kwa sababu vile vingine "ukivikunja katikati vinafunikana, huu haukunjiki". Nikamwambia jaribu na karatasi. Kakunja msambamba kila njia, haufunikani. Ulinganifu huo, amejieleza bila kulijua neno, na sikumpa neno. Atalikuta mbele ya safari, halina haraka.

Mie nilikuwa nalalamika ndala zina pande mbili tofauti, nilitaka hata kuzipaka rangi zote zifanane. Ningekuwa nimeiua hii siku.

Jumamosi 19 Oktoba

Tisa tu. Korosho zimeiva, watoto wako mashambani na wazazi wao wanaokota, na sitagombana na korosho. Hii ndo hela ya mwaka mzima, sare na daftari zinatoka humo. Waliokuja wengi wao ni wa familia za wavuvi.

Mwalimu mwenzangu kanitumia ujumbe, ati tangramu ina miaka elfu nne, ilibuniwa na mungu wa Kichina anaitwa Tan. Nikamjibu kwamba hiyo kamba kaipiga Sam Loyd, Mmarekani mtunga mafumbo, kwenye kitabu chake cha mwaka 1903, na watu wanairudia mpaka leo. Ilitoka China kweli, lakini kitabu cha zamani zaidi cha mafumbo yake kinachojulikana ni cha mwaka 1813, na miaka michache baadaye meli zilishaifikisha Ulaya na Marekani na watu wakapagawa nayo. Elfu nne tamu zaidi, naelewa.

Kwa sababu tuko wachache nimewapa wakubwa swali: mraba kwa kipande kimoja, kwa viwili, kwa vitatu, endeleeni. Kimoja rahisi, upo tayari. Viwili, wameshajua. Vitatu, ndogo mbili na ya kati. Vinne, wakapata. Vitano, dakika ishirini, wakapata, na kelele zake zilifika boma. Sita... sita wamehangaika mpaka saa tano. Nikawaambia ukweli kwamba vipande sita mraba hautoki, na wakataka sababu. Sababu yenyewe ni hesabu yao wenyewe ya wiki ile: seti nzima ni 16, ukitoa kipande kimoja unabaki na 15, 14 au 12, na miraba inayokubali kwa pande za vipande hivi ni ya 2, 4, 8 na 16. Kwa nini ni hizo tu, hapo nilisema mtajua mkifika sekondari, jibu ambalo nalichukia, ila ndo nililokuwa nalo.

Jumamosi 26 Oktoba

Nimebandika karatasi ukutani. Kuna Wachina wawili, Fu Traing Wang na Chuan-Chih Hsiung, walithibitisha mwaka 1942 kwamba maumbo yasiyo na kona inayoingia ndani, ukitumia vipande vyote saba, ni 13 tu, hayazidi. Moja ni pembetatu, sita yana pande nne, mawili yana pande tano, manne yana pande sita. Nikachora vyumba kumi na tatu vitupu, kila umbo likipatikana linaingia chumbani kwake. Mpaka leo asubuhi tulikuwa na mraba tu.

Babu mmoja mvuvi, ambaye alikuja kumchukua mjukuu na akabaki, akatazama pembetatu yetu kubwa akauliza hii ndo mnaita tanga? Akachora lake mchangani kwa fimbo, mlingoti, foromali, tanga lenyewe, na akaonyesha kwamba lake lina ncha nne, huku mbele imekatwa kidogo. "Pembetatu mnaiona nyie wa nchi kavu." Watoto wakaanza kujenga tanga la babu la ncha nne, na kwenye kulijenga ndo wakaangukia jambo kubwa. Mraba mzima uliojengwa una nusu mbili, nusu ya pembetatu kubwa mbili na nusu ya vile vidogo vitano. Mmoja kaivuta nusu moja nzima, kwa tahadhari kama anavuta mkeka wenye mchele juu, akaizungusha akaiegemeza upande mwingine. Pembetatu kubwa! Akaizungusha tena. Msambamba! Hajabomoa kipande hata kimoja. Vyumba viwili vimejaa ndani ya dakika moja, na mstatili na trapeza vikafuata kabla hatujafunga. Vitano sasa.

Tanga la babu halijapatikana bado. Babu kasema atakuja tena.

Na nimejaribu tena, nimechora mraba umesimamia kona. Hii nini? "Mraba." Nikauzungusha. "Mraba, Madam, si umeuzungusha tu." Yule wa karata akanong'ona, "Na uru pia." Nimekubali, kwenye karata ni uru.

Jumamosi 2 Novemba

Hela imebaki mia saba. Ndala za ufukweni zimepungua, au mie nimezimaliza, kwa hiyo wiki iliyopita niliwaambia watoto mwenye ndala mbovu nyumbani aje nayo. Zimekuja tisa. Moja ya bluu nzuri sana, nene, haina hata tundu la kuchakaa, nikasema wengine wana bahati ya kutupa vitu vizima. Nikaikata palepale mbele yao: pembetatu kubwa moja, mraba, na msambamba mmoja uliotoka safi kuliko wote nilowahi kukata, kona zimekaa kama zimechongwa.

Saa nne na nusu kaja mama wa mtoto aliyeileta, mguu mmoja una ndala ya bluu, mwingine uko peku. Hakuamkia. Kasimama kwenye ngazi za baraza, anamwangalia mwanae, anaangalia vipande, ananiangalia mie mwenye wembe mkononi.

"Mwalimu. Ya kushoto iko wapi?"

Ilikuwa kwenye gando la kaa. Nimetuma dogo dukani kununua pea mpya, elfu tatu, nimekopa kwa shangazi. Mama akasubiri, akakaa, akaishia kumsaidia mwanae kupata mguu wa kaa, na msambamba kaugeuza chapati mwenyewe bila kuambiwa. Ndala ya kulia katuachia.